Kununua miaka, si kilomita: matairi ya basi lililogeuzwa nyumba

Julai 1963, familia 26 zilikusanyika Hinckley, katika jimbo la Maine nchini Marekani, kutazama jua likipatwa. Zilikuja na magari yao ya kulala, na hazikutawanyika kabla ya kuunda chama kilichojulikana kama Family Motor Coach Association. Zama hizo biashara ya nyumba za magurudumu ilikuwa changa. Aliyetaka gari imara la kuishi ndani yake aliweza kununua basi lililokwisha kustaafu, akang'oa viti, akatia kitanda, jiko, choo na tangi la maji. Desturi hiyo haijafa. Mabasi ya GMC ya miaka ya 1950, ya Eagle, ya MCI kutoka Winnipeg na ya Prevost kutoka Quebec yamemaliza kazi ya abiria na kuanza maisha ya pili kama nyumba.

Mwenye basi la namna hiyo hujifunza mengi kwa lazima: umeme, useremala, mabomba, hata injini. Siku ya kubadilisha matairi ndipo wengi hukwama. Muuza matairi ana saizi moja ghalani na anaisifia hiyo. Dereva mstaafu anaapa kwa saizi nyingine. Jirani anainama, anatia ukucha kwenye kashata, anasema bado zipo, endesha tu. Kila mmoja ana sababu yake, na bei ya seti nzima ni kubwa kiasi kwamba mtu hutamani kumwamini yule anayesema asubiri.

Hoja ya uchambuzi huu ni nyepesi kuitaja lakini ina matawi mengi: basi likibadili kazi, hesabu ya matairi yake nayo hubadilika. Kampuni ya abiria hununua kilomita. Mwenye nyumba ya magurudumu hununua miaka, na hununua uwezo wa kubeba. Makosa karibu yote katika jambo hili hutokana na kutumia hesabu ya kwanza mahali pa ile ya pili.

Kampuni hukodi maili

Kwa muda mrefu kampuni kubwa za mabasi na mamlaka za usafiri wa mijini nchini Marekani zimekuwa na mtindo wa kukodi matairi badala ya kuyanunua. Kiwanda huyaleta, hubaki kuwa mmiliki, na kampuni hulipa kwa kila maili ambayo tairi limetembea. Chini ya mpango huo kinachotazamwa ni kashata. Tairi huanza kazi ekseli ya mbele, huhamishiwa nyuma likianza kulika, na huondolewa likifika kikomo. Basi linalokwenda masafa marefu kila siku humaliza matairi kabla hata hayajapata muda wa kuzeeka. Umri wa mpira si swali linaloulizwa, kwa kuwa hakuna tairi linalofikia umri huo.

Mpango huo una matokeo ambayo mnunuzi wa basi kuukuu anapaswa kuyafahamu. Basi likipelekwa mnadani, matairi ya kukodi yanaweza kung'olewa na kurudishwa kwa mwenyewe, na basi likavishwa mabaki yoyote yaliyokuwa kwenye yadi ili litoke kwa miguu yake. Kwa hiyo ukikuta basi la mnadani limesimama juu ya matairi manene yenye kashata nzuri, usiharakishe kushukuru. Huenda ni matairi yaliyokaa nyuma ya karakana miaka mingi, kila moja na kiwanda chake, mengine yakiwa ya mwendo wa mjini. Jambo la busara katika kupanga bajeti ni kuhesabu matairi yote kama gharama ya ununuzi wa basi: sita kwa basi la ekseli mbili, manane kwa lile la ekseli tatu.

Mpira huzeeka ukiwa umesimama

Basi lililogeuzwa nyumba hutembea kidogo. Linaweza kwenda safari mbili tatu kwa mwaka, kisha likakaa miezi kadhaa uani, upande mmoja ukipigwa na jua. Kwa matairi, kukaa huko si mapumziko. Watengenezaji huchanganya katika mpira nta na kemikali za kuukinga dhidi ya ozoni ya hewani na mionzi ya jua. Kinga hizo hupanda juu ya uso wa mpira tairi linapozunguka na kujikunja. Tairi lililosimama halijikunji, hivyo uso wake hukauka na kupata nyufa ndogo ubavuni na katikati ya kashata. Wenye magari wengine hupaka dawa za kung'arisha zenye asili ya petroli, wakidhani wanalisha mpira. Dawa hizo zinaweza kuiondoa kinga yenyewe.

Nyufa za nje zinaonekana. Hatari zaidi ni ile isiyoonekana. Oksijeni iliyomo kwenye upepo uliojazwa hupenya polepole ndani ya mpira na kuufanya mgumu, hasa pale tabaka za waya za chuma zinaposhikana chini ya kashata. Mshikamano ukidhoofika, tairi linaweza kupendeza macho gereji na kuachana tabaka zake saa mbili baadaye, barabarani, likiwa limepata moto. Ndiyo maana Michelin hushauri kwamba tairi likitimiza miaka mitano ya matumizi likaguliwe na fundi kila mwaka, na likifikisha miaka kumi tangu litengenezwe liondolewe hata kama kashata zake zimejaa. Wenye mabasi waangalifu hujiwekea kikomo kifupi zaidi kwa matairi ya mbele, mara nyingi kama miaka saba.

Umri huo umeandikwa kwenye tairi lenyewe. Kwa matairi yanayouzwa Marekani, tafuta herufi DOT ubavuni, kisha ufuate mstari huo mpaka tarakimu nne za mwisho. Ukisoma 2319, tairi limetoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tarakimu zikiwa tatu tu, tairi ni la kabla ya mwaka 2000, na hapo hakuna mjadala. Tatizo ni kwamba mstari kamili wenye tarehe unaweza kuwa upande mmoja tu wa tairi, na mara nyingi upande huo ndio uliofungwa kutazama ndani. Itakubidi uingie uvunguni na tochi, basi likiwa limewekewa vizuizi na vishikizo vya chuma, kwa maana mabasi haya hukalia mifuko ya upepo na yanaweza kushuka ghafla upepo ukitoka. Anayenunua basi bila kuzisoma tarakimu hizo kwenye kila tairi amenunua kwa kukisia.

Ushauri huo unahusu duka pia. Tairi jipya linaweza kuwa limelala ghalani miaka miwili, na kwa kampuni ya mabasi hilo si neno. Kwa wewe unayenunua miaka, miwili kati ya kumi imeshaliwa kabla hujafunga nati. Mwambie muuzaji mapema, kabla ya kulipa, kwamba unataka tarehe za karibuni, na uzisome mwenyewe matairi yakiwa bado chini.

Mizani kwanza, duka baadaye

Abiria hupanda na kushuka, jiko halishuki. Basi la abiria hubeba mzigo kamili siku za sikukuu na nusu ya mzigo siku za kawaida. Basi la kuishi hubeba mzigo wake mchana na usiku, mwaka mzima, hata likiwa limeegeshwa. Aliyeligeuza basi huwa na imani kwamba kwa kuwa viti zaidi ya arobaini na watu wake wametoka, gari limekuwa jepesi. Pengine ni kweli, pengine si kweli. Kila lita ya maji ni kilo moja: tangi la lita 400 likijaa ni kilo 400. Ongeza jenereta, betri za risasi, makabati ya mbao ngumu, friji, na gari dogo linalokokotwa nyuma. Uzito hautapungua kwa matumaini.

La muhimu zaidi ni mahali uzito ulipokaa. Abiria huketi wakigawana pande mbili karibu sawa. Fundi wa nyumba hapangi hivyo. Huweka jiko, friji na tangi pale bomba linapofika. Matokeo yake upande mmoja hulemewa. Chukua mfano wa ekseli ya mbele yenye kilo 5,900. Ukigawa kwa mbili, kila gurudumu linabeba kilo 2,950. Tairi la 11R22.5 lenye daraja la mzigo H (alama hizi zinaelezwa hapa chini), likiwa peke yake upande mmoja na kujazwa upepo wa psi 120, linaruhusiwa kubeba kilo 3,000. Kwenye karatasi limepita. Sasa pima kila gurudumu kwa mizani yake, ukute kushoto ni kilo 3,150 na kulia 2,750. Jumla ni ile ile, lakini tairi la kushoto limezidiwa kilo 150 kila sekunde ya safari, na ndilo tairi linaloshika usukani.

Kwa mwenye basi hilo chaguo linajitokeza lenyewe. Tairi la 12R22.5 la daraja H hubeba takribani kilo 3,350, kwa hiyo lingetosha, ingawa nafasi iliyobaki ni ndogo. Lile la 315/80R22.5 la daraja L hubeba hadi kilo 4,125 kwa psi 130, na linampa nafasi pana. Njia ya tatu haihitaji tairi jingine: ahamishe betri au tangi upande wa pili. Hakuna moja kati ya majibu haya matatu ambalo angelipata dukani, kwa sababu duka halina mizani.

Mizani inapatikana kwa urahisi. CAT Scale, kampuni iliyoanza mwaka 1977, ina mizani katika vituo vya malori Marekani na Kanada, na hutoa uzito wa kila ekseli kwa ada ndogo. Kwa uzito wa kila gurudumu, chama cha Escapees kina huduma ya kupima magari ya kulala gurudumu kwa gurudumu. Nenda ukiwa umejaza maji, mafuta, chakula na watu wote waliomo, kwa kuwa hivyo ndivyo utakavyosafiri.

Kusoma ubavu wa tairi

Ukishapata uzito, saizi hugeuka kuwa suala la kusoma. Katika 11R22.5, namba ya kwanza ni upana wa takribani inchi 11, R ni mpangilio wa nyuzi wa radiali, na 22.5 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Katika 315/80R22.5, upana ni milimita 315 na kimo cha ubavu ni asilimia 80 ya upana huo. Herufi ya daraja la mzigo, G, H, J au L, huenda sambamba na kile mafundi wanachokiita plai 14, 16, 18 na 20. Mabasi ya zamani yaliyokuwa na matairi ya tyubu ya inchi 20 yana ndugu zao wa kisasa wasio na tyubu: 10.00-20 analingana na 11R22.5, na 11.00-20 analingana na 12R22.5. Ukikuta rimu za vipande, zile za pete ya chuma, bora ubadilishe rimu pamoja na tairi. Pete isiyokaa sawasawa huweza kuruka kwa nguvu ya kuua wakati wa kujaza upepo, na sheria za kazi za Marekani zinamtaka fundi azijazie ndani ya kizimba cha chuma.

Mahali watu wengi hujikwaa ni kwenye rimu. Tairi la 315/80R22.5 linataka rimu ya upana wa inchi 9. Mabasi mengi ya zamani yana rimu za inchi 8.25, zinazofaa kwa 11R na 12R. Tairi kubwa kwenye rimu nyembamba litaingia, litajaa upepo, na litaonekana zuri, lakini halijakaa katika umbo lililokusudiwa. Rimu pia zina kikomo chao cha uzito na cha upepo. Hakuna faida ya kufunga tairi la psi 130 kwenye rimu isiyoidhinishwa kwa presha hiyo.

Nyuma, pale matairi yanapokaa pacha, kuna mambo matatu zaidi. La kwanza, tairi likiwa pacha uwezo wake hupunguzwa: lile la 11R22.5 daraja H linalobeba kilo 3,000 likiwa peke yake huhesabiwa kilo 2,725 likiwa na mwenzake, kwa kuwa mawili hayagawani mzigo sawasawa kila wakati na hupashana joto. La pili, lazima pawe na nafasi kati yao. Tairi pana likifungwa mahali pa jembamba, mbavu zitagusana chini ya mzigo na kusagana. La tatu, vipenyo vya pacha vinapaswa kulingana, tofauti isizidi robo inchi, yaani kama milimita sita. Ikizidi, lile kubwa litabeba mzigo wa yote mawili na dogo litaburuzwa.

Usisahau pia kimo. Tairi la 12R22.5 lina kipenyo cha takribani milimita 1,085 na la 11R22.5 takribani 1,050. Tofauti ya asilimia tatu haionekani kwa macho, lakini itabadili usomaji wa spidomita, mlio wa injini kwa mwendo wa kawaida, na nafasi ndani ya matao ya magurudumu unapokata kona.

Tairi la kazi nyingine

Kuna kisa kimoja kinachoonyesha jinsi tairi linavyoweza kuwa na saizi sahihi na bado likawa si lake. Goodyear ilitengeneza tairi liitwalo G159, saizi 275/70R22.5, kati ya 1996 na 2003. Kwa mujibu wa NHTSA, mamlaka ya usalama wa barabara kuu ya Marekani, lilibuniwa kwa magari ya kusambaza mizigo mijini, kisha likafungwa kwenye magari ya kulala yanayokimbia barabara kuu kwa saa nyingi mfululizo. Joto likapanda, kashata zikaachana na tairi. NHTSA ililihusisha tairi hilo na vifo 8 na majeruhi 69 kati ya 1998 na 2009. Juni 2022 Goodyear ilitangaza kuyarejesha zaidi ya matairi 170,000, huku ikishikilia kwamba tairi lenyewe halikuwa na kasoro na kwamba hatari inatokana na kulizidishia mzigo au kulipunguzia upepo.

Wanasheria wamebishana juu ya nani alaumiwe. Kwa mnunuzi, hoja za pande zote mbili zinaishia mahali pamoja. Kama tatizo ni ubunifu, basi kuuliza tairi limebuniwa kwa kazi gani ni jambo la lazima. Kama tatizo ni mzigo na upepo, basi kupima ni jambo la lazima. Kumbuka pia miaka: tairi la mwisho lilitoka kiwandani 2003, tangazo likaja 2022. Anayesubiri mamlaka zimwambie atoe tairi bovu anaweza kusubiri karibu miaka ishirini.

Kwa mabasi yaliyogeuzwa, hatari hii ni ya karibu zaidi kuliko kwa magari mapya, kwa sababu mengine yalikuwa mabasi ya mjini. Matairi ya mabasi ya mjini yana mbavu nene za kustahimili kugonga ukingo wa barabara, na yapo yenye kikomo cha maili 55 kwa saa, karibu kilomita 88. Kwa gari linalosimama kila kituo hilo si tatizo. Kwa nyumba inayokimbia maili 70 kwa saa kuvuka Arizona mwezi Julai, ni mwaliko wa kupasuka. Kikomo cha mwendo kimo katika jedwali la kiwanda. Lisome kabla ya kulipa.

Mbele, nyuma na matairi ya kuvishwa upya

Tairi la nyuma likipasuka, mwenzake hushikilia gari kwa muda, ingawa vipande vyake vinaweza kurarua bodi na mabomba. La mbele halina mwenzake. Likipasuka, gari huvuta upande huo kwa nguvu, na kosa la kwanza la dereva ni kukanyaga breki, jambo linalozidisha mvuto. Mafunzo ya madereva wa magari makubwa ni kinyume chake: shika usukani, usiguse breki, mguu ubaki kwenye mafuta kwa muda mpaka gari linyooke, kisha uachie mwendo upungue wenyewe. Ni rahisi kusema kuliko kutenda, na ndiyo sababu fedha za kwanza ziende mbele.

Sheria ya shirikisho ya Marekani inaelekea huko huko. Kwa mabasi ya biashara, kina cha kashata mbele kisipungue 4/32 ya inchi, kama milimita 3.2, na kwingineko 2/32, kama milimita 1.6. Tena ni marufuku kwa basi kufunga mbele matairi yaliyovishwa upya. Gari la kibinafsi la kulala kwa kawaida haliangukii chini ya kanuni hizo, lakini sheria za fizikia haziangalii usajili.

Je, matairi ya kuvishwa upya yafungwe nyuma? Kwa malori ni uchumi mzuri, na kazi ikifanywa vizuri tairi hilo ni la kuaminika. Kwa basi la kuishi hesabu hugoma. Anayevisha upya tairi ananunua kashata mpya juu ya mwili wa zamani, na wewe huna shida ya kashata. Shida yako ni mwili.

Kuhusu umbo la kashata, wengi hushawishika kununua za meno makubwa kwa ekseli inayosukuma. Kama unaishi penye theluji au unaegesha kwenye matope, zina maana. Kwa wengine huleta kelele, joto na mafuta zaidi. Kashata za kawaida zinazoruhusiwa ekseli zote zina faida moja kubwa zaidi: tairi lolote linaweza kuhamia popote, na spea moja hutosha gari zima.

Upepo, na fundi anayeujaza

Namba ya upepo iliyo ubavuni ni ile inayoambatana na mzigo wa juu kabisa. Si agizo la kujaza. Kila kiwanda kina jedwali la mzigo na upepo: tafuta uzito wa gurudumu lililolemewa zaidi kwenye ekseli, soma upepo wake, ongeza kidogo kwa usalama, na ujaze pande zote mbili za ekseli hiyo sawasawa. Mwenye gurudumu la kilo 3,150 juu ya 315/80R22.5 hahitaji psi 130. Jedwali litampa chini ya hapo, na safari itakuwa laini zaidi. Pima asubuhi kabla ya kuondoka, tairi likiwa baridi. Likishapata moto upepo hupanda, na huo usiupunguze.

Jambo la kukazia macho ni tairi lililotembea na upepo pungufu. Wataalamu huhesabu tairi lililoendeshwa chini ya asilimia 80 ya upepo wake kuwa sawa na lililoendeshwa likiwa pancha. Waya za ubavuni zimekunjwa mara maelfu, nyingine zimekatika, na mpira wa juu haujaonyesha dalili yoyote. Fundi akilijaza tena, waya zilizobaki hukatika moja baada ya nyingine kwa mfululizo, na ubavu hufunguka kama zipu. Fundi aliyefunzwa hulivua kwanza na kulikagua ndani, hulisikiliza wakati wa kujaza, hutumia mpira mrefu wenye kishikio ili asimame mbali na ubavu, na hulijaza ndani ya kizimba. Ukimwona fundi amechuchumaa mbele ya tairi la namna hiyo na bomba mkononi, mwombe aache.

Nati nazo zina mambo yao. Mabasi ya zamani ya Marekani yenye rimu za mtindo wa Budd yana nati za ndani na za nje kwa matairi pacha, na upande wa kushoto hufunguliwa kinyume na kawaida. Fundi kijana asiyelijua hilo atakata stadi. Baada ya maili 50 hadi 100, nati zote zikazwe tena kwa kipimo.

Nunua pea kwa pea

Kutokana na yote hayo unapatikana mpango wa ununuzi unaopunguza uchungu wa kulipia matairi yote kwa siku moja. Kama uzito unaruhusu saizi moja gari zima, basi la matairi sita linaweza kununuliwa pea moja kila baada ya miaka mitatu. Pea mpya hufungwa mbele. Iliyokuwa mbele huhamia nyuma, matairi yote mawili upande mmoja, yakiwa yamelika sawa na yana umri mmoja. Iliyokuwa kuukuu kuliko zote huondoka. Hivyo kila tairi hukaa mbele miaka mitatu, nyuma miaka sita, na hustaafu likiwa na tisa, kabla ya kikomo cha kumi. Basi la matairi manane hufuata mtindo huo kwa pea moja kila miaka miwili, na tairi hustaafu likiwa na minane. Pima vipenyo kila unapohamisha. Kwa gari linalotembea kidogo tofauti kati ya pande mbili itakuwa ndogo.

Mpango huo una gharama yake. Kama mbele panahitaji 315 na nyuma kuna rimu za inchi 8.25, itabidi ununue rimu, au ukubali saizi mbili na uache kuhamisha. Wapo wanaochagua njia hiyo ya pili, na si kosa, mradi wakubali kwamba matairi ya mbele yatatupwa yakiwa na kashata nyingi. Kutupa tairi lenye kashata kunauma. Hata hivyo kinachotupwa ni mpira uliokwisha muda, kama dawa iliyopitwa na tarehe ilhali chupa bado imejaa.

Kuhusu jina la kiwanda, ambalo ndilo watu hulijadili zaidi, nimeliacha mwisho kwa makusudi. Viwanda vyenye sifa vina jedwali la wazi, dhamana inayotekelezwa na mtandao wa huduma barabarani, na hayo yana thamani. Lakini tairi la jina kubwa lenye miaka tisa na kilo 150 za ziada ni baya kuliko tairi la jina la kawaida lililo jipya na lenye nafasi ya mzigo.

Msomaji wa Afrika Mashariki asidhani hili ni la Wamarekani pekee. Saizi za 11R22.5, 12R22.5, 295/80R22.5 na 315/80R22.5 ndizo zinazozunguka katika barabara zetu pia. Basi linalokwenda Dar es Salaam hadi Mwanza kila siku lina hesabu ya kilomita, na mwenyewe anaijua vyema. Lakini basi la shule linalolala likizo nzima, basi la kwaya au la kanisa linalotoka mara moja kwa mwezi, na basi lililogeuzwa kliniki ya kutembea vijijini yana hesabu ya miaka, na mara nyingi yanatunzwa kwa hesabu ya kilomita. Hayo ndiyo magari ambayo mtu hutazama kashata zake, akatikisa kichwa kwa kuridhika, na kuwapakia watoto.

Kwa hiyo, kama una dhamana ya gari la namna hiyo, fanya mambo mawili wiki hii kabla ya kuuliza bei popote. Soma tarehe ya kila tairi, hata lile la ndani. Kisha lipeleke gari kwenye mizani likiwa limepakia kama linavyosafiri. Ukiwa na namba hizo mbili mkononi, muuzaji atakuuzia unachohitaji. Bila hizo, atakuuzia alichonacho.